Tulivyonunua Runinga: Picha Safi, Kipindi Kinachosubiri na Macho ya Bibi



 Ndugu wasomaji, wanafunzi wenzetu na wazazi wetu wapenzi, mwaka huu Ustadh alitutaka tuandike jambo moja lililotufunza nje ya darasa. Sisi ni ndugu watatu wa nyumba moja hapa Ngara mjini, wote wanafunzi wa madrasa hii. Tulikaa, tukashauriana, tukaona tuandike juu ya kununua runinga. Huenda baadhi yenu mtacheka na kusema kuwa runinga si mada ya gazeti la madrasa. Tunawaomba msome hadi mwisho, kwani katika jambo hili tulikosea, na kosa letu laweza kuwa lenu pia.

Nyumbani kwetu tulikuwa na TV ya chogo, ile nene ya nyuma, ambayo Baba aliinunua kabla mdogo wetu hajazaliwa. Baba hupenda kutukumbusha kuwa sisi tumezaliwa katika neema. Zanzibar walianza kurusha runinga mwaka 1973, tena ya rangi, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 ndipo vituo vya kwanza vikaanza. Hata hapo, huku kwetu mpakani mwa Rwanda na Burundi, redio ndiyo iliyokuwa mfalme. Miji ya Ngara na Biharamulo iliwashwa kwa jenereta za dizeli kwa miaka mingi, na vijijini ilikuwa ni koroboi na betri ya gari. Leo maji ya mto Kagera yanayoanguka Rusumo, ndani ya wilaya yetu, yanazungusha mtambo wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana umeme wake. Kwa hiyo mtoto wa Ngara anayelalamika kwamba TV yake ni ya chogo, Baba humwangalia tu na kutabasamu.

Hata hivyo ile TV ilichoka. Rangi ya buluu ilikuwa imepotea, watangazaji wote walionekana kama wagonjwa wa homa ya manjano. Tukaanza kuomba mpya, na tulikuwa na hoja mbili.

Hoja ya kwanza ilikuwa ya Bibi, mama yake Baba, ambaye tunaishi naye. Bibi hupenda kutazama picha za Masjidul Haram zinazorushwa moja kwa moja kutoka Makka. Kwa muda mrefu alikuwa akilalamika kwamba picha ina ukungu. "Hao watu wanatufu au wamekaa?" huuliza. Nasi tulikuwa tukicheka na kusema, "Bibi, TV imezeeka." Alikuwa akisogeza kigoda mpaka karibu kugusa kioo. Tukamwambia Baba kwamba Bibi anastahili picha safi.

Hoja ya pili ilikuwa nzito zaidi, na tunaieleza kwa haya kidogo. Sisi watu wa Kagera tuko magharibi kabisa mwa nchi, lakini saa yetu ni ile ile ya Dar es Salaam. Jua la Dar es Salaam likizama, huku kwetu bado lipo juu ya vilima. Huchukua takriban nusu saa zaidi. Kwa hiyo taarifa ya habari ya saa mbili usiku inapoanza, wenzetu wa pwani huwa Isha yao imekwisha kuingia, na misimu mingi wengi wamekwisha kuswali. Kwetu adhana ya Isha huja karibu na wakati huo huo, kabla au baada ya saa mbili kutegemea msimu. Kila usiku ilikuwa ni mvutano. Baba ni mtu wa habari. Alikuwa akisema, "Ngojeni kichwa cha habari hiki," kisha kingine, kisha michezo, mpaka jamaa ya msikitini ikatupita na tukaswali nyumbani, tena kwa usingizi. Mama hakuwa akisema kitu. Alikuwa akienda zake kutandika mswala, na ukimya wake ulikuwa ni maneno tosha.

Ndipo tuliposikia kwamba kuna runinga za kisasa zinazoweza kurudia vipindi vilivyopita. Taarifa ya habari imekupita saa mbili, unaifungua saa tatu na kuitazama tangu mwanzo. Tulipomwambia Baba, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Basi tuweke fedha." Tuliweka kwa misimu mitatu ya maharage na kahawa, tukafika shilingi 1,200,000.

Katika kungoja, tulijisomea. Kaka mkubwa yuko kidato cha nne na anaipenda fizikia, akawa mwalimu wetu. Tunaeleza tuliyojifunza kwa ufupi, kwani yatamfaa yeyote anayetaka kununua.

Picha ya runinga imeundwa kwa nukta ndogo ndogo ziitwazo pikseli. Nukta zikiwa nyingi katika eneo lile lile, picha huwa safi zaidi. Kioo kinachoitwa Full HD kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani zaidi ya milioni mbili. Kile kinachoitwa 4K kina 3,840 kwa 2,160, yaani zaidi ya milioni nane, mara nne ya kile cha kwanza. Runinga nyingi za inchi 32 huwa na 1,366 kwa 768, yaani kama milioni moja tu. Inchi hizo hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe ya chini mpaka pembe ya juu iliyo kinyume chake.

Tulipoona hesabu hizo tulisema bila kusita: tunataka 4K, inchi 55. Milioni nane ni nyingi kuliko milioni moja, nani asiyejua? Hatukujiuliza swali hata moja zaidi ya hapo. Hilo ndilo kosa letu.

Likizo ilipofika, Baba alitupeleka Biharamulo kwa Shangazi, na Bibi akafuatana nasi kumwona binti yake. Tulipita Benaco, tukafuata barabara kuu ya malori kupitia Nyakahura hadi Lusahunga, kisha tukakata kwenda Biharamulo. Njiani kaka alikuwa akimwelezea Bibi habari za nukta milioni nane. Bibi alijibu, "Mimi nataka niione Kaaba tu, mwanangu. Hizo nukta hesabuni nyinyi."

Siku ya pili tuliingia katika duka moja la vifaa vya umeme pale mjini. Ukutani kulikuwa na runinga ya inchi 55 inayoonyesha samaki wa baharini, wa rangi ya chungwa na buluu, picha safi kiasi kwamba mdogo wetu alinyoosha mkono kuwagusa. Muuzaji, kijana mwenye adabu, alimwinamia Bibi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, hujambo?"

"Sijambo. Tazama hiyo picha Bibi, unaweza kuhesabu magamba ya samaki."

Bibi aliusogelea ukuta. Akainua mtandio uliokuwa umeshuka usoni, akatazama. Akageuza kichwa upande mmoja, akatazama tena. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Samaki yuko wapi?"

Hakuna aliyecheka. Muuzaji aliipunguza mwanga ile runinga, akamwuliza kama sasa anaona. Bibi akasema anaona rangi, lakini zimefunikwa na moshi. Akaongeza kwamba usiku taa za magari humtawanyikia machoni kama nywele, na kwamba sisi wajukuu zake hututambua kwa sauti na kwa mwendo. "Tangu mwaka juzi," alisema. "Nilidhani ni uzee. Na uzee hauna dawa, nikaona nisiwasumbue."

Yule kijana alimgeukia Baba na kumwambia, "Mzee, mimi ni mfanyabiashara na ningependa kuuza. Lakini mama yangu alikuwa hivi hivi. Huyu Bibi mpelekeni kwa daktari wa macho kwanza. Runinga itakuwepo."

Ndugu wasomaji, tulitoka dukani mikono mitupu. Baba alitangulia mbele peke yake mpaka karibu na nyumba ya Shangazi. Tunaamini alikuwa akiwaza yale yale tuliyokuwa tukiwaza sisi. Kwa miaka miwili Bibi alikuwa akituambia kwamba haoni, nasi tulikuwa tukimjibu kwamba TV imezeeka. Tulikitazama kioo, hatukumtazama mtazamaji. Tuliokuwa tukihifadhi sura na kupewa zawadi madrasani ndio hao hao tuliokuwa tukimcheka mzee wetu akisogeza kigoda.

Hospitalini daktari alituambia kwamba ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alitufafanulia kwa upole. Ndani ya jicho kuna lenzi, ambayo kwa kawaida ni angavu kama kioo cha dirisha. Kwa wazee wengi lenzi hiyo huingia ukungu polepole, bila maumivu, na ndiyo sababu mtu hachukui hatua. Miwani haiondoi ukungu huo. Dawa ya matone haiuondoi, wala ile ya mitishamba, ambayo yaweza kuliharibu jicho kabisa. Tiba yake ni upasuaji mdogo: lenzi yenye ukungu hutolewa na kuwekwa nyingine ndogo ya plastiki. Alisema ugonjwa huu ndio unaoongoza kwa kupofusha watu duniani, na wengi wao wangeona leo kama wangepelekwa kutibiwa. Maneno hayo tuliyaandika katika daftari siku ile ile, kwa kuwa tuliona si Bibi peke yake katika wilaya zetu mbili anayesema kwamba TV ina ukungu.

Alifanyiwa jicho la kwanza, na baada ya wiki kadhaa la pili. Nauli, malazi, matibabu na dawa vilichukua zaidi ya nusu ya fedha zetu. Hakuna aliyenung'unika, hata mdogo wetu aliyewapenda sana wale samaki.

Asubuhi walipomfungua bandeji ya jicho la kwanza, tulikuwa tumejipanga mbele yake tukitarajia machozi na dua ndefu. Bibi alitutazama mmoja mmoja, akatulia kwenye kanzu zetu, akasema, "Hizi kanzu mnafua kwa maji gani? Zina manjano." Kisha ndipo akasema Alhamdulillah, nasi sote tukaitikia.

Miezi minne baadaye tulirudi katika suala la runinga, safari hii tukiwa na laki tano na akili mpya. Kaka aliazima futi ya fundi seremala, akapima sebuleni kutoka ukutani hadi kwenye mkeka tunapokaa. Ikawa mita tatu. Akafanya hesabu ya uwezo wa jicho la binadamu lenye afya. Akatuambia kwamba kwa runinga ya inchi 32 yenye nukta milioni moja, ukikaa mbali kuliko takriban mita 1.8 jicho haliwezi tena kuzitenganisha nukta. Na kwa inchi 55, hata ile ya Full HD ni takriban mita 2.2. Maana yake, kwa sisi tunaokaa mita tatu, zile nukta milioni nane zingekuwa pambo tu. Tungezilipia na tusizione, sawa na Bibi na samaki.

Tena tuligundua kwamba king'amuzi chetu hakitoi picha ya 4K. Runinga ya 4K ikipokea picha ndogo huitanua, lakini haiwezi kuleta magamba ambayo kamera haikuyapiga.

Na hili la kurudia vipindi nalo tulilichunguza. Tulidhani ni kitufe kilichomo ndani ya runinga. Kumbe kuna njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni kurekodi: baadhi ya ving'amuzi na runinga huweza kurekodi kipindi katika flashi, nawe ukakitazama baadaye bila kutumia bando. Ya pili ni intaneti: vituo vingi siku hizi huweka taarifa zao za habari na vipindi katika YouTube au katika programu zao, na runinga ya smati huvifungua. Lakini intaneti hulipiwa. Kampuni ya Netflix, ambayo hurusha filamu kwa njia hiyo, inakadiria kwamba saa moja ya picha ya kawaida hula hadi GB 1, ya HD hadi GB 3, na ya 4K hadi GB 7. Bando la GB 1 kwa HD ni dakika ishirini. Kwa 4K hata dakika tisa hazifiki. Kwa hiyo anayetaka kurudia vipindi kwa bando la simu, ni vizuri ashushe ubora wa picha kwa makusudi. Habari ni habari, hata tai ya mtangazaji isipoonyesha nyuzi zake.

Tulinunua inchi 32, ya smati. Wanaotaka kununua tunawausia mambo machache. Msiamini neno 4K lililoandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi. Baadhi hupokea picha ya 4K lakini kioo chao ni kidogo, hivyo tafuteni namba 3840 x 2160 kwenye maelezo ya kioo chenyewe. Ulizeni kama runinga hiyo inaweza kufungua programu mnazozihitaji leo, kwani baadhi za bei ndogo huacha kupokea masasisho wakati kioo kingali kizima. Hesabuni matundu ya HDMI na USB. Wanaotumia sola vijijini waulize kama inakubali volti 12. Iwasheni dukani, muiweke kwenye picha nyeupe yote kisha nyeusi yote, muone kama kuna nukta zilizokufa. Chukueni risiti na kadi ya garantii, na umeme ukiwa wa kupanda na kushuka nunueni stabilaiza kabla hamjaichomeka.

Sasa tuseme juu ya Isha. Runinga mpya ilipofungwa, Baba alituita sote akasema, "Kipindi kinaweza kutusubiri. Swala ina wakati wake. Kuanzia leo sina udhuru." Adhana ikilia, runinga huzimwa, tunakwenda msikitini, na tukirudi tunafungua habari. Usiku wa kwanza Baba alishika rimoti kwa furaha kama mtoto. Lakini tusiwafiche, kitu kinachosubiri nacho kina fitina yake. Zamani habari zikiisha zimeisha. Sasa kikiisha kimoja, chombo chenyewe hukuletea cha pili, na cha tatu, na usiku mmoja tulijikuta saa sita tunatazama mashindano ya kuvuta kamba ya nchi tusiyoijua. Alfajiri iliyofuata ni Mama peke yake aliyeamka kwa adhana. Asubuhi kaka aliingia kwenye mipangilio na kuizima ile hali ya kujiendesha yenyewe, na Baba akaweka sheria kwamba saa nne usiku runinga inazimwa. Kwa hiyo runinga haikututatulia jambo la swala. Ilichofanya ni kutuondolea kisingizio, na kilichobaki ni chetu wenyewe.

Ustadh wetu hutukumbusha mara kwa mara juu ya neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara kwazo, afya na muda. Tulikuwa tukiyasikia maneno hayo kama somo la kujibia mtihani. Mwaka huu tuliyakuta katika duka la runinga: afya ilikuwa macho ya Bibi, na muda ulikuwa ule baina ya saa mbili na Isha.

Wanafunzi wenzetu, tuna ombi moja kwenu. Mkirudi nyumbani leo, mtazameni babu au bibi anapotazama runinga. Akisogeza kigoda, akiuliza nani huyo anayesema, msikimbilie kuilaumu TV. Mfunikeni jicho moja, mumwulize anaona vidole vingapi, kisha na la pili. Akikosea, waambieni wazazi siku hiyo hiyo.

Bibi sasa hukaa nyuma kabisa, karibu na mlango, mita tatu na zaidi. Kutoka hapo huwaona watu wanaotufu, na wakati mwingine hututajia rangi ya miavuli yao. Kigoda chake amempa Mama, anakitumia jikoni.

Tunamwomba Allah (s.w.) awape shifaa wagonjwa wetu wote, na atujaalie kuwaangalia wazee wetu kabla hawajalazimika kutuomba. Amin.

Wabillahi tawfiq.